Kupeleka Miguu Tatu ku Kisale

Bitu yote ilikuwa imekwisha kufungwa. Valise ya bati, mukeka, gunia ya bunga, sabuni na chumvi ya kugawia bamama ya kwetu, kamera ndani ya kasanduku yake. Kitu moya tu ilibakia imesimama katikati ya nyumba sawa mugeni mwenye hawajamuambia aikale: miguu tatu ya kamera. Niliweka kitambala yangu juu yake ikauke. Bwana yangu Mukendi aliingia, akaangalia kitambala, kisha akaniangalia mi.

—Inaenda ao haiendi?

—Sijajua bado.

—Treni ni kesho asubui, Adolphine.

—Treni naijua.

—Basi sema. Kule ni kwenu, haina kwetu. We njo utasema.

Akatoka kwenda kunawa. Hivi njo Mukendi alikuwa: kazi ya nguvu anafanya mwenyewe, kazi ya kukata neno ananiachia.

Pa Kolwezi bwana yangu alikuwa fundi ya kuunga chuma mu atelier ya kampani. Lakini siku ya Mungu, nyuma ya misa, alikuwa mutu ya foto. Batu ya kamp ya bafanyakazi balikuya na koti ya kuazima, na saa ya kuazima, banasimama mbele ya pazia yetu. Aliwapiga wote muzima, kichwa mpaka biatu, juu foto yenye kukata biatu mutu anairudisha na matusi. Ile miguu tatu alijitengenezea mwenyewe: miti ya mulombwa, na pa mwisho ya kila muguu ncha ya chuma. Mu nyumba yetu chini ni simenti, ncha inateleza, basi alikuwa anaiweka ndani ya mikebe ya sardini. Mi njo nilikuwa nakula sardini.

Ile mwaka, 1957, kampani ilimupa kongé, siku za kupumzika kazi, ya kwanza yenye kuwa na tiketi ya bibi. Treni mpaka Bukama, kisha mashua ya moshi, kushuka Lualaba mpaka ku Kisale, kwetu. Mu kamp walituchekelea. Godelieve, jirani yetu, alikuwa ananipigia salamu na vidole viwili sawa bibi ya muzungu.

—Madame anaenda kutembea pa mayi! Madame atakula kuku ya ku sahani!

Nilicheka naye. Lakini ndani sikuwa nacheka. Mama yangu Ndaya alikuwa analala mugonjwa. Mwenye kuuza samaki alikuya na habari: mama yako hatoki tena nje, jua inamuumiza macho, miguu imekataa. Hakusema zaidi, na mi sikuuliza. Nilikuwa na mimba. Kama ni binti, ataitwa Ndaya, sawa desturi inasema. Na nilitaka siku moya ile binti akiuliza, “Mwenye jina yangu alikuwa namna gani?”, nimuonyeshe. Tata yangu alikufa hatuna foto yake. Mi mwenyewe, nikifunga macho, sasa naona kofia yake tu.

Basi foto ilikuwa lazima. Na hapa njo shida ilianzia.

Mama hatoki nje. Ndani ya nyumba ya majani mwangaza ni kidogo, na kamera ya Mukendi, mu giza, unaiacha jicho wazi na unahesabu polepole. Mukono ya mutu inatetemeka. Tena Mukendi hawezi kuingia. Kwetu mukwe mwanaume haingii mu nyumba yenye mama-mukwe yake analala, na hamuangalie pa uso. Wakikutana mu njia, moya anaenda mu majani. Basi mi njo nitashika kamera, mi mwenye sijapiga hata foto moya. Bila miguu tatu, mama yangu atatoka moshi.

Godelieve alikuwa na mufano. Alikuya ile mangaribi akanionyesha tena ile foto ya tata ya bwana yake; bwana yake, Kalombo, aliazima kamera akaipiga na mikono.

—Angalia tata-mukwe yangu. Pua mbili! Na hata moya haina yake. Beba miguu, Adolphine.

—Haujue kwetu.

—Kwenu kuna nini? Batu hawana miguu?

Nilimueleza. Saison sèche mbili nyuma, wakati bila mvua, ningali kwetu sijaolewa, muzungu moya na batu yake balifika mugini mwetu na kitu ya miguu tatu, na kioo juu. Walichoma ncha yake mu udongo, wakaangalia, wakahama, wakachoma tena. Kila fasi walitoka, walibakisha kibao ya rangi nyekundu. Hakuna mutu alipigwa, hakuna mutu alitukanwa. Walipewa hata mayai. Nyuma ya mvua moya, tuliambiwa mashamba yote ya ng’ambo ya bibao haiko yetu tena. Bamama walingoa mihogo ikiwa ingali kidogo sawa kidole. Mujomba yangu Kyungu, mudogo ya mama, chifu mwenye udongo ya mugini iko mu mikono yake, alisimama pa bandari akasema: miguu tatu yenye itarudia hapa itaingia mu Lualaba, na mwenye kuileta ataifuata, ameikamata ku mukia.

Godelieve alirudisha ile foto ndani ya nguo yake.

—Basi usibebe.

—Saa hii ulisema nibebe.

—Saa hii sikuwa najua utakufa.

Mukendi alirudia, mayi ingali mu nywele. Nilimuambia: inaenda. Lakini ifunguliwe, kila muti peke yake, ikunjwe ndani ya mukeka, mutu asione. Alifungua vis yenye kuunga miti, nikakunja mukeka, nikafunga kamba mara mbili. Nilifikiri nimefanya akili.

Pa Bukama mashua ilikuwa inangoya. Bazungu walikuwa juu, na biti ya nguo ya kuikalia, na kivuli. Siye tulikuwa ku ile barge, chombo pana ya chuma, yenye kufungwa ku mubavu ya mashua, na mbuzi, na magunia, na bamama ya kupika. Sikuona kuku ya ku sahani. Mayi ilikuwa imepunguka juu ya saison sèche, na mbele kabisa mwanaume moya alikuwa anachoma mupini murefu mu mayi, anautoa, anaita namna mayi iko, ili mashua isipande muchanga. Kila mara alichoma, nilikuwa naona tu ile muzungu.

Nilikaa juu ya mukeka yetu, yenye kukunjwa, sawa kuku juu ya mayai. Sikuondoka hata kwenda kuchota mayi. Mukendi njo alileta bukari ya bunga yetu, alipika na bamama wakamuchekelea.

—Tata ya Kasai, bibi yako ana miguu?

—Anayo, anaiweka tu.

Pa kituo ya pili aliingia Kisimba, mutoto ya mujomba Kyungu, na bitunga yake mitupu. Alitoka kuuza samaki. Alipiga kelele ya furaha, akatupa bitunga, akaikala karibu yangu juu ya mukeka bila kulomba, sawa ndugu anafanya.

—Yaya Adolphine! Kolwezi imekunonesha! Na huyu njo mukwe yetu? Tata, moyo wenu!

Mukendi akaitika, wakapeana mikono. Kisimba alikuwa anasema mambo ya kwetu, nani ameoa, nani amekimbia. Kisha akajigeuza, akakunja uso, akatia mukono chini ya matako.

—Mulibeba nini humu? Mifupa?

—Acha, Kisimba. Ni miti ya kitanda.

Ile uongo ilitoka mbele sijaifikiri. Ye alikuwa amekwisha kuvuta. Mukeka ikafunguka kidogo pa mwisho, na ncha ya chuma ikatoka sawa kichwa ya nyoka. Kisimba aliweka kidole pa ncha, akaitoa. Nyuma akasema chini chini, mu Kiluba, juu Mukendi asisikie:

—Hii chuma naijua. Ilichoma shamba ya mama yangu.

—Haina ile. Ni ya foto. Ya kusimamisha kamera.

—Basi juu ya nini uliiita miti ya kitanda?

Nilirudisha ncha ndani ya mukeka.

—Bale walipofika, yaya, na bo walituambia wanaangalia tu. Lakini bo hawakuficha. We uliolewa Kolwezi, ukarudia na miguu tatu chini ya matako. Nani alikutuma?

—Hakuna mutu. Mama anakufa, Kisimba. Nataka sura yake.

Aliangalia mayi. Hakuniita tena yaya. Aliondoka akaenda kuikala ku mwisho ya barge, kati ya mbuzi, na nikajua: mashua ikigusa tu bandari, ye njo ataruka wa kwanza.

Nilimuambia Mukendi yote. Uso yake ikabadilika. Alikuwa mutu ya Kasai kati ya batu yenye hawamujui, anaenda mugini mwenye hana hata ndugu moya. Aliangalia Lualaba.

—Tuitupe. Sasa. Mu mayi.

—Kisimba ameiona. Tukiitupa, atasema tumeitupa juu tulikuwa na kosa.

—Nitatengeneza ingine. Muti ni muti.

—Na mama? Utatengeneza ingine?

Tulikuwa tumeingia fasi yenye mafunjo inasongea mashua huku na huku, unasikia majani inakwaruza chuma. Kisiwa moya ya mafunjo ilipita peke yake, na ndege juu yake. Nilifikiri muda murefu. Nilikuwa nimekosea, ile nilikuwa naiona wazi. Kitu yenye kubebwa wazi, mutu anauliza. Kitu yenye kufichwa, mutu haulize tena, anajua.

—Isimamishe, nikamuambia.

—Wapi?

—Hapa. Mbele ya batu yote.

Mukendi akafungua mukeka, akaunga miti, vis moya ilianguka, mama moya akaitafuta kati ya mavi ya mbuzi. Miguu tatu ikasimama katikati ya barge. Nikavua kitambala yangu, nikaifua, nikaianika juu yake, sawa ku nyumba. Bamama wakauliza. Nikaeleza, na sauti, ili ifike mpaka ku mbuzi: ni ya foto, ni ya mama yangu Ndaya, hawezi kutoka nje. Mama moya alisema kwao kuko vilevile. Mama mwingine alisema kwao wangetuchoma moto. Kisimba hakugeuka.

Aliruka wa kwanza, sawa nilijua.

Tulipomaliza kushusha valise, mujomba Kyungu alikuwa tayari pa bandari, na wanaume nyuma yake, na muti ya kusukumia mutumbwi mu mukono. Alikuwa amezeeka, mabega ilikuwa imeshuka, lakini macho ilikuwa ile ile. Mi njo nilikuwa na miguu tatu ku bega, wazi. Nilipiga magoti mu matope nayo ku bega. Sikuiweka chini.

—Moyo wenu, tata.

Hakuitika.

—Weka chini hiyo kitu.

—Siwezi, tata. Sitaki iguse udongo yenu.

Hapo akaniangalia vizuri.

—Kisimba anasema uliificha.

—Anasema kweli. Niliogopa. Nilifanya mubaya.

—Bwana yako anapimia nani udongo?

Mukendi alikuwa ameinamisha kichwa, mikono pamoja, sawa mukwe.

—Tata, mi napimaka biatu tu, akasema. Mutu akikosa biatu mu foto, ananitukana.

Mwanaume moya nyuma alicheka, kisha akajikamata. Kyungu hakucheka. Aliinua muti yake, akaonyesha mayi.

—Nilisema neno hapa, mbele ya batu. Neno yangu niimeze juu we ni mutoto ya yaya yangu?

—Hapana, tata. Mulisema juu ya udongo. Ile ingine ilichoma udongo. Mi niliona na macho yangu, nilikuwa karibu na shimo. Hii haitachoma. Haitagusa hata mara moya.

—Itasimama juu ya nini? Juu ya upepo?

Nilikuwa nimeifikiri mu mafunjo, nikikumbuka mikebe ya sardini. Lakini kuisema ilikuwa nguvu.

—Juu ya mafiga ya mama.

Ku nyumba ya kwetu mafiga ni bipande tatu ya kichuguu, mwanamuke anaileta yeye mwenyewe siku anaingia mu nyumba. Juu yake kunakaa chungu, basi. Chifu ana neno ku udongo, ku mayi, ku pori. Ku mafiga ya mwanamuke hana neno. Kyungu alijua, na alijua kama najua. Lakini kuko jambo ingine: ili miguu isimame pale, moto ya mama lazima itoke. Na moto ya mugonjwa haitokaki ndani ya nyumba. Inatokaka siku moya tu.

—Unataka kutoa moto ya yaya yangu, akasema polepole. Angali anapumua.

Magoti yangu ilikuwa imeingia mu matope. Kweli njo hiyo.

—Mafiga ni yake, akasema. Aseme ye mwenyewe. Akikataa, nafanya sawa nilisema.

Tukaenda, mugini muzima nyuma yetu. Mukendi alibakia mbali, upande ya nyuma ya nyumba, sawa desturi. Mi nilisimama pa mulango na miguu tatu ku bega. Ndani ilikuwa moshi na harufu ya dawa, na kitanda, na kitu kidogo juu ya kitanda. Hiyo njo ilikuwa mama yangu. Kyungu alimuambia yote, bila kuongeza, bila kupunguza. Nyuma nikasikia tu kupumua yake.

—Adolphine ni nani anapika kwake? mama akauliza.

—Mi mwenyewe, mama.

—Na ile ndani ya tumbo, inakula?

Hakuna mutu alikuwa amemuambia.

—Inakula, mama.

—Kyungu. We unaogopa moto itoke. Mi niko na baridi siku zote na moto ikiwa hapa. Chukua. Peleka ku nyumba ya bibi yako, ilale kule. Nyuma itarudia. Moto itahama, mi sihame.

Kyungu mwenyewe alichukua bijinga na mikono, moya moya. Hakupatia mutu mwingine. Nilipangusa majivu. Nikasimamisha ncha tatu juu ya mafiga tatu, kamera juu, nikainama nikatafuta mama ndani ya kale kadirisha ya kamera. Alikuwa amesaidiwa kuikala. Aliweka mikono ku magoti, ye mwenyewe, bila kuambiwa. Nilisogeza kamera mpaka nikaona hata nyayo.

—Uko tayari? Mukendi akaita kutoka nyuma ya ukuta ya majani. Mulango iko wazi? Mwangaza inaingia?

Haikuwa inaingia. Kyungu alikuwa amerudia, amesimama pa mulango, na nyumba ilikuwa nyeusi.

—Tata, nawalomba, muingie ao mutoke.

Akaingia. Akachuchumaa karibu na mafiga, macho ku ncha za chuma, sawa mutu anachunga mwizi.

—Fungua! Mukendi akaita, na akaanza kuhesabu, polepole, sauti yake inapita mu majani.

Nikavuta kale kachuma ya kufungua jicho ya kamera. Mama hakupepesa. Mukendi alikuwa angali anahesabu, na mi nikasikia kitu kidogo: kichuguu ni kichuguu, figa moya ilikuwa inavunjika chini ya chuma. Muguu ikaanza kuteleza. Mikono yangu ilikuwa ku kamera. Nikiiondoa, yote imekwisha. Muguu inaenda ku udongo. Sikuweza hata kuita.

Mukono ya Kyungu ikatoka, ikakamata muguu. Ncha ilikuwa hewani, kidole moya tu mbele ya kugusa. Akaishika vile, mukono yenye majivu, mishipa ku shingo imesimama, hapumui, mpaka Mukendi akasema:

—Funga!

Nikafunga. Kyungu hakuachilia mara moya.

—Imekwisha?

—Imekwisha, tata.

—Haikugusa.

—Haikugusa.

Akatoka nje akawaambia batu vilevile, haikugusa, na sauti ya mutu mwenye ameshinda kesi. Moto ilirudia mbele mama hajauliza.

Pa Kolwezi Mukendi alifunga dirisha ya jiko na magunia, akaweka foto mu dawa. Sikuweza kuikala. Kwanza ilitoka mikono. Nyuma uso, pua moya, macho wazi. Godelieve alibusu karatasi ikiwa ingali na mayi, dawa ikamuchoma ku mudomo.

Tulituma ingine ku Kisale na mwenye kuuza samaki. Mama aliishi mpaka kuipokea. Kisimba, mwenye alikuwepo, alitueleza nyuma, alipokuya Kolwezi kuona mutoto; ile siku aliniita tena yaya. Anasema mama alishika foto murefu karibu na macho, mbele ya moto. Miaka mingi hakuwa amejiona, hata mu mayi.

—Ni mama yangu huyu, alisema. Mulimutoa wapi?

Hakuna mutu alimukatalia. Walimuachia alale nayo.